Kabla ya kuhariri overtura, amua ni ya mwaka gani

Vijana wakiniuliza waanzie wapi kuandaa toleo la kitaaluma la overtura ya zamani, yaani kipande cha okestra ambacho mara nyingi hufungua onyesho, huwaambia wasifungue kompyuta kwanza. Tafuteni hati zote zilizopo, mzisome, ndipo mchague moja ya kuegemea.

Chukueni The Hebrides, overtura ya mtunzi Mjerumani Felix Mendelssohn. Tarehe 7 Agosti 1829, akiwa Uskoti, aliwaandikia jamaa zake barua na kutia humo nota za mwanzo wa overtura hiyo. Alifika mwisho wa kazi akiwa Roma, Desemba 1830, lakini moyo haukutulia. Januari 1832 alimlalamikia dada yake Fanny kwamba sehemu ya katikati inanuka ufundi wa darasani kuliko mafuta ya nyangumi, shakwe na samaki wa chumvi. Akairekebisha. London wakaisikia tarehe 14 Mei 1832, naye bado akaendelea kuigusa.

Sasa wewe unahariri ipi? Ukinyofoa kipande kitamu cha 1830 ukakipachika kwenye ile ya 1832, umetengeneza overtura ambayo Mendelssohn hakuiandika. Nimeuona mchanganyiko wa namna hii katika kazi za watu makini kabisa, na huniuma kila mara.

Jambo jingine ni nukta. Katika kazi yangu ya kwanza nilitegemea picha za hati. Juu ya nota za filimbi palikuwa na nukta, yaani zipigwe kwa kukatwa, nami nikazinakili zote. Miezi baadaye nilipoishika hati yenyewe nikageuza ukurasa: nukta mbili zilikuwa wino wa upande wa pili uliopenya karatasi! Nendeni mkaione hati kwa macho, hata kwa siku moja.

Halafu matao yanayounganisha nota. Pale mwanzoni mwa The Hebrides, basuni (ala ya kupuliza), vayola na selo (ala za nyuzi) hupiga wimbo mmoja. Mkikuta ala mbili za aina hiyo zina matao yasiyolingana, msikimbilie kuyasawazisha. Mpiga basuni anahitaji pumzi, mpiga selo anageuza upinde. Huenda mtunzi alikusudia. Tao mnaloongeza wenyewe lichoreni kwa mstari wa vipande vipande, mpigaji ajue ni lenu.

Kila uamuzi uandikwe siku ile ile: kipimo (kile kigawanyo kifupi cha muziki kati ya mistari miwili ya wima) cha ngapi, ala gani, hati inasemaje, mmefanya nini. Mimi hutumia daftari la kawaida, ukurasa mmoja kwa kila ukurasa wa hati.