Chokaa kwenye lipu ya bwawa: kwanza jua imetoka wapi

Nimewaona vijana waangalifu wakiachishwa kazi hotelini kwa sababu ya chokaa iliyoota kwenye lipu ya bwawa la kuogelea. Bosi anashuka asubuhi, anapitisha kiganja ukutani, anahisi vitu vinamkwaruza, basi hukumu imeshapita: maji hayakutunzwa. Kijana anakaa kimya, maana hakuna aliyewahi kumwambia kuwa chokaa hiyo ina asili mbili. Iko inayotoka kwenye maji ikaganda ukutani, na iko inayotoka ndani ya ukuta wenyewe ikachomoza nje. Zote nyeupe, zote ngumu, na kwa kemia zote ni kalsiamu kaboneti. Lakini anayepaswa kuzirekebisha si mtu mmoja, na dawa zake hazifanani.

Kazi yangu ni mabwawa ya pwani ya mashariki ya Unguja, Bwejuu, Paje, Jambiani, kwa hiyo naanza na ya maji, maana huku ndiyo inayotukuta kila siku. Ardhi yetu ni uwanda wa mawe ya matumbawe. Mvua ikipenya kwenye udongo inabeba hewa ukaa, inapata uchachu kidogo, na kwa uchachu huo inayeyusha jiwe taratibu inavyoshuka. Maji unayovuta kisimani yameshakula jiwe. Nimepima visima vyenye kalsiamu ya miligramu 400 kwa lita, wakati bwawa zima linatakiwa kuwa kati ya 200 na 400. Maana yake bwawa unalijaza siku ya kwanza likiwa tayari limefika ukingoni.

Kisha jua na upepo wa Kaskazi vinafanya kazi yao. Maji yakipaa hewani, kalsiamu haiendi nayo. Piga hesabu ya bwawa la mita 10 kwa 5 lenye kina cha wastani cha mita moja na nusu: hilo ni lita 75,000. Likipungua milimita 5 kwa siku umepoteza lita 250, na unarudishia lita 250 za kisima. Kwa maji ya 400 hizo ni gramu 100 za madini kila siku, na kipimo cha bwawa kinapanda kwa zaidi ya miligramu moja kwa lita. Mwezi mmoja tu umeongeza 40. Miezi ya Kaskazi ikiisha uko juu ya 500, na hakuna mtu aliyemwaga chochote kibaya ndani ya maji.

Klorini nayo ina mchango wake. Ile ya unga tunayoipenda kwa kuwa ina nguvu na haiharibiki haraka ni kalsiamu haipokloraiti. Kila unapopandisha klorini kwa miligramu 10 kwa lita, umeongeza na ugumu wa maji, yaani kalsiamu yake, kama miligramu 7, na pH (kipimo cha uchachu, ambacho hupanda uchachu unapopungua) inasogea juu. Ya vidonge haileti kalsiamu, ila inaleta mambo mengine ambayo siyaingii leo. Mashine ya chumvi, ile inayotengeneza klorini kutoka kwenye chumvi ya bwawa, haiongezi kalsiamu, lakini inasukuma pH juu kila inapofanya kazi, na ndiyo maana sahani zake ndizo za kwanza kushika ukoko.

Sasa, kalsiamu nyingi peke yake haitoshi kuweka utandu wa chokaa ukutani. Inahitaji pH na alkali, yaani bikaboneti inayotokana na jiwe lililoyeyuka, viiruhusu. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kufikiri. Maji ya kisima cha matumbawe yana bikaboneti nyingi, na ndani yake mna hewa ukaa iliyobanwa. Maji yakichezwa, yakimwagika ukingoni kwenye yale mabwawa yanayoonekana kama yanaungana na bahari, hewa ile inatoka na pH inapanda yenyewe. Unaacha 7.4 jioni, baada ya siku chache unakuta 8.0. Halafu yupo atakayeshauriwa amwage magadi kwa sababu maji yalikuwa na ukungu. Magadi kwenye maji ya namna hii ni kuita chokaa kwa mikono miwili. Joto nalo linasaidia: tofauti na chumvi au sukari, kalsiamu kaboneti hupungua kuyeyuka maji yanapokuwa ya moto, na bwawa letu la nyuzi 29 halipumziki mwaka mzima.

Mwaka 1936 mhandisi wa Marekani, Wilfred Langelier wa Chuo Kikuu cha California, alitoa hesabu ya kujua kama maji yatatoa chokaa au yataila. Aliitengeneza kwa ajili ya mabomba ya maji ya mji, lakini watu wa mabwawa tunaitumia kila siku, na ni rahisi kuliko inavyosikika. Unachukua pH, unajumlisha namba ya joto, namba ya kalsiamu na namba ya alkali (zote zinasomwa kwenye jedwali la hesabu hiyo), kisha unatoa 12.1 kwa bwawa lisilo la chumvi. Jibu likiwa kati ya -0.3 na +0.3, maji yametulia. Likipita juu, chokaa itaganda. Likishuka chini, maji yatatafuta kalsiamu popote, na iliyo karibu ni ya lipu yako.

Chukua mfano wa kwetu. Maji ya nyuzi 29, namba yake 0.7. Kalsiamu 400, namba yake 2.2. Alkali 120, namba yake 2.1. Ikiwa pH ni 8.0, jumla ni 13.0, ukitoa 12.1 inabaki +0.9. Hapo utandu unaganda hata kama maji yanang'aa kama kioo. Sasa kalsiamu iache vilevile, kwa kuwa hakuna dawa ya dukani itakayoitoa. Shusha alkali mpaka 80, namba yake 1.9, na pH mpaka 7.2. Jumla 12.0, jibu -0.1. Kisima ni kilekile na jua ni lilelile, ila chokaa haigandi tena. Ndiyo sababu nasema mtunza bwawa wa uwanda asihangaike kupigana na kalsiamu. Ashike pH na alkali kwa asidi, kidogo kidogo, kila siku, na apime kwa matone kwani vijiti vya rangi havimwonyeshi tofauti ndogo anayoihitaji.

Utandu ulioshaganda unaweza kuondoka bila kumwaga maji. Weka hesabu yako kwenye -0.2 au -0.3, usizidishe hapo, na piga brashi kila siku. Maji yaleyale yaliyouweka yatauyeyusha tena. Ni kazi ya wiki, haina haraka. Brashi iwe ya nailoni, au ya chuma kisichoshika kutu, maana nyuzi za brashi ya waya wa kawaida zikikatika zinabaki chini na kuacha madoa ya kutu. Kwenye mstari wa vigae, jiwe la kusugulia miguu linatosha. Na masika yakifika, tega mvua. Maji ya paa hayana kalsiamu ya kusemwa, na hiyo ndiyo njia ya bure ya kupunguza iliyojilimbikiza. Tega kutoka paa la bati, si la makuti. Maji ya makuti yana rangi ya chai na utajiletea tabu nyingine.

Naja kwa ile ya ukutani. Wazee wetu walichoma mawe ya matumbawe kwenye tanuu wakapata chokaa, wakaichanganya na maji na mchanga, wakajengea Mji Mkongwe. Chokaa ile ikikaa hewani inakunywa hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe. Saruji ya lipu ya bwawa nayo, inaposhikana na kuwa ngumu, inaacha ndani yake chokaa ya aina hiyohiyo, kalsiamu haidroksaidi, ambayo huyeyuka kwenye maji. Lipu ikiwa imeshikana vizuri na ukuta wa zege, chokaa hiyo inabaki mahali pake. Lakini ikiwa nyuma ya lipu kuna uwazi, maji yanapenya kwenye ufa mwembamba, yanakaa humo, yanashiba chokaa, kisha yanatoka polepole kupitia kitundu kidogo kama cha sindano. Yakikutana na bikaboneti ya bwawa, yanageuka jiwe palepale mdomoni. Hicho ndicho tunachokiita kinundu.

Vinundu haviji kila mahali. Vinakaa kimoja kimoja, au vinafuatana kwenye mstari kama vimepangwa, kwa sababu vinafuata ufa. Chini ya kidole ni kitu chenye ncha, na pembeni yake lipu ni laini kabisa. Utandu wa maji haufanyi hivyo. Wenyewe unaenea, unashika ukuta mzima, sakafu, ngazi, mstari wa vigae, na mkono unahisi msasa kila unapoupitisha. Ukiona kinundu kimoja kimoja huku kigae cha mstari wa maji ni safi na mashine ya chumvi haina ukoko, usiyasingizie maji.

Kuna nyumba moja ya wageni Jambiani niliitwa kutoa maoni, kijana wa bwawa akiwa ameshapewa barua ya onyo. Lipu ilikuwa haijamaliza hata mwaka. Nilichukua bisibisi nikaigeuza, nikaanza kugonga ukuta kwa mpini, mwenye nyumba amesimama pembeni. Ko, ko, ko, sauti nzito ya kitu kilichojaa. Nilipofika penye vinundu sauti ikabadilika, ikawa nyepesi, ya kitu kilicho kitupu. Nikamwambia, "Mzee, hebu gonga mwenyewe." Akagonga, akarudia pembeni, akarudi tena palepale. Nikakwangua kinundu kimoja kwa patasi, na chini yake kile kitundu kikaonekana wazi. Tukafuata sauti ile kwa chaki, tukachora umbo la sehemu iliyoachana na zege. Vinundu karibu vyote vilikuwa ndani ya chaki. Fundi aliyepiga lipu ile aliipaka juu ya rangi ya zamani bila kuichokoa. Kijana wa watu alikuwa na daftari lake la vipimo, pH 7.4 na 7.5 kurasa kwa kurasa, na hakuna aliyekuwa amelifungua.

Kugonga hakuhitaji kutoa maji. Mtu anaweza kuzama na kugonga, na sauti ndani ya maji inasikika vizuri. Ukitaka kuhakikisha kuwa unachokikwangua ni kaboneti, kiweke kwenye sahani ya plastiki na udondoshee tone la asidi ya haidrokloriki. Kikichemka povu, ndiyo yenyewe. Kisipochemka na ni kigumu cha kijivu, huenda ni kalsiamu silikati, ambayo huganda pole pole kwa muda mrefu na haiondoki kwa asidi, bali kwa kusugua tu. Na doa la kahawia lisilo na mkwaruzo si chokaa kabisa. Likandamize na kidonge cha vitamini C dakika chache, likififia ni chuma cha kisimani au cha mabomba.

Vinundu vichache vikwangue chini ya maji, uendelee na kazi. Vingine huziba vyenyewe kitundu chake na havirudi. Vikirudi palepale, hakuna asidi itakayovimaliza kwa kuwa chanzo kiko nyuma. Itakatwa sehemu iliyo tupu mpaka kwenye zege, itapigwa upya, na gharama ni ya aliyepiga lipu. Anayekushauri uoshe bwawa zima kwa asidi kwa ajili ya vinundu anakumalizia lipu: asidi inakula ngozi ya juu iliyo ngumu na kuacha vinyweleo ambavyo mwaka unaofuata vitashika uchafu na mwani.

Na kabla hujakubali kutoa maji, uliza maji ya ardhini yako wapi. Karibu na ufukwe yanapanda na kushuka na bahari. Bwawa tupu ni kama chombo cha baharini, na maji yaliyo chini yake yanaweza kulipasua au kulinyanyua. Kama ni lazima, ifanyike bahari ikiwa imekupwa na mvua haipo, na tundu la kupunguzia shinikizo la sakafuni lifunguliwe. Kwenye asidi, siku zote mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi, vaa miwani na glavu, na ndoo ya asidi isikutane na kopo la klorini ya unga hata kwa mabaki. Hewa inayotoka hapo inaua.

Kwa anayejenga au kupiga lipu upya sasa hivi: simamia mwenyewe hatua ya kuchokoa lipu ya zamani, kuosha vumbi na kulowesha ukuta. Usiruhusu mafundi kulainisha uso kwa kurushia maji mengi, wala kupiga lipu kwenye jua la saa saba bila kivuli. Ukianza kujaza usisimame njiani, kwani mstari wa pale maji yalipolala usiku hautoki, na funga kitambaa mdomoni mwa mpira usichimbe lipu mbichi. Mwezi wa kwanza saruji inatoa chokaa yake, pH itapanda kila siku, na vumbi jeupe litatua sakafuni. Pima kila siku, piga brashi asubuhi na jioni, chumvi isubiri mwezi uishe, na klorini ya unga isitupwe moja kwa moja sakafuni. Malipo ya mwisho ya fundi yabaki mkononi mwako mpaka umezunguka kuta zote na mpini wa bisibisi, na mtunza bwawa wako akiwa pembeni na daftari lake.