Kukadiria joto la chini ya Menengai: kwa wanaoanza kazi ya mitetemo

Wengi wanaokuja Nakuru, karibu na volkano ya Menengai, kujifunza kazi hii hufika na swali moja: wimbi la tetemeko likipunguza kasi kiasi hiki, huko chini kuna nyuzi ngapi? Msianzie hapo. Joto hupunguza kasi, lakini nyufa, maji, mvuke na aina ya mwamba nazo hupunguza.

Anzeni na matetemeko madogo, mtazame yanakoma kwenye kina gani. Mwamba uliopoa huvunjika. Ukishapata moto wa kutosha hunyumbuka taratibu, na mitetemo huisha. Kwa miamba yenye madini ya kwatsi kwa wingi, mpaka huo huwa karibu nyuzi 350 hadi 400 za Selsiasi. Ila Menengai ni trakiti, mwamba wa volkano wenye madini ya felspa tele, na felspa hulainika kwenye joto la juu kuliko kwatsi. Kwa hiyo msiichukue namba hiyo kama ilivyo.

Kazi yenyewe iko kwenye kusoma mwanzo wa wimbi la S, lile la pili kufika kutoka kwenye tetemeko, na hapa nawasihi msiwe na haraka. Wimbi la P hutangulia, na mkia wake huificha S, hasa lori zinapopita barabara kuu na upepo ukitikisa miti. Kipima mitetemo hutoa michoro mitatu: mmoja wa mtikisiko wa wima, miwili ya mlalo. Msisome mchoro wa wima peke yake. S huonekana vizuri zaidi kwenye ile miwili ya mlalo. Tofauti ya sekunde 1 kati ya P na S ni umbali wa kama kilomita 8. Ukikosea sehemu moja ya kumi ya sekunde, umekosea karibu kilomita nzima, na kwenye eneo la jotoardhi kilomita moja inaweza kuwa nyuzi 100 na zaidi.

Kisha linganisheni kasi ya P na ya S. Kwa mwamba wa kawaida uwiano ni karibu 1.73. Mvuke huushusha, magma na maji huupandisha. Uwiano ukipanda, basi, msikimbilie kutangaza magma.

Mwisho, nendeni kwenye visima. Visima kadhaa vya Menengai vilikutana na magma kwenye kina cha kama kilomita 2, kwa hiyo modeli yenu ya joto ikionyesha ubaridi hapo, ina kasoro. Lakini hata kipimo cha kisimani kiulizwe kilichukuliwa lini: maji ya kuchorongea hupoza mwamba, na kisima huhitaji wiki kadhaa, pengine miezi, kurudia joto lake.