Uliza Tukujibu: Hivi rabi analipwa kwa kazi gani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Jamaa yangu ananiambia Wayahudi wanaweza kusali sinagogi kwao hata rabi asipokuwepo, sasa mi najiuliza huyo rabi analipwa mshahara wa nini? Na mwanamke anaweza kuwa rabi?

JIBU: Salama ndugu msomaji. Jamaa yako kasema kweli kabisa. Ibada ya pamoja inataka watu wazima 10 (kwa Waorthodoksi, yani Wayahudi wanaoshika sheria za zamani kwa ukali, wanahesabiwa wanaume tu) na yeyote anayezijua sala anaweza kuongoza. Rabi sio kuhani, ukuhani ni wa ukoo wa Haruni na kazi yake ya dhabihu ilisimama Hekalu lilipobomolewa mwaka 70, rabi yeye ni msomi wa sheria aliyesomea miaka.

Kwa hiyo mahubiri ya Sabato ni sehemu ndogo tu, kazi yenyewe iko kwenye misiba. Mtu akifa anatakiwa azikwe haraka, isipokuwa Sabato hawaziki, basi simu inalia usiku wa manane na rabi anaamka, anaongea na familia, anapanga mazishi, anatafuta la kusema kuhusu marehemu ambaye pengine hata hakumjua vizuri, halafu wafiwa wanakaa nyumbani siku 7 na watu wanakuja kusali nao hukohuko na yeye yumo. Mtoto aliyefiwa na mzazi anasema sala ya Kadishi miezi 11, na lazima wale watu 10 watimie, yani kuna asubuhi rabi anapiga simu huku na huku kutafuta mtu wa kumi! Hapo bado wagonjwa hospitali, ndoa zinazoyumba, wanaotaka kuingia dini, na vijana wa kuandaa wafikishe miaka 13 wasome Torati mbele ya watu. Na maswali ya jikoni hayaishi, manake kwao nyama na maziwa havichanganywi: kijiko cha maziwa kimeangukia sufuria ya nyama, tule au tumwage?

Mshahara sasa. Musa bin Maimun, msomi mkubwa wa sheria ya Kiyahudi aliyekuwa tabibu huko Misri karne ya 12, alipinga kabisa mtu kujipatia riziki kwa Torati. Waliokuja baadaye wakasema basi tunamlipa muda wake ambao angeutumia kwenye kazi nyingine, na mi naona ni hoja ya haki manake watoto wa rabi nao wanakula, huyu anaoa kama watu wengine. Anayemwajiri mara nyingi ni waumini wenyewe kupitia kamati yao, kwa mkataba, na wakimchoka hawauongezi, hamna askofu wa kumtetea. Fikiria unamkemea mtu Jumamosi na Jumatatu ndo anakaa kwenye kikao cha mshahara wako.

Wanawake wapo. Regina Jonas alipata cheo Ujerumani mwaka 1935, Sally Priesand Marekani 1972. Waorthodoksi wengi bado hawakubali.