Nilivyozoea kruzi safari za Dar na Iringa

Kilichonisukuma kuanza kutumia kruzi, ule mfumo wa gari kushika mwendo lenyewe bila mguu kukanyaga mafuta, ni goti. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, na nilikuwa nikifika Ilula goti la kulia limekaza kiasi kwamba kushuka kununua nyanya ni shughuli. Gari lilikuwa na kruzi tangu nilitoe bandarini, lakini miaka miwili mizima sikukigusa kile kitufe. Nilikiogopa. Niliona ni kama kumkabidhi usukani mtu nisiyemjua, tena anayeongea Kijapani, maana kila nikiliwasha lilikuwa likiniamkia kwa lugha hiyo na mimi najibu "marahaba" naondoka.

Langu ni Forester mtumba lenye EyeSight, zile kamera mbili zinazokaa juu kwenye kioo cha mbele, huku na huku ya kioo cha kutazamia nyuma. Kabla ya lolote, jua lako lina kruzi ya aina gani. Kuna ile ya kawaida: ukiseti 80 linashika 80, lori likiwa mbele yako shauri yako. Asili yake ni Mmarekani Ralph Teetor, mhandisi aliyepofuka akiwa mtoto. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na mwanasheria wake, ambaye akiongea huku anaendesha mwendo unapungua, akinyamaza unapanda. Mwaka 1958 ikaingia kwenye magari ya Chrysler. Aliyewahi kukaa siti ya mbele na dereva mpiga stori atamwelewa mzee huyu.

Aina ya pili inamfuata aliye mbele: akipunguza nayo inapunguza, akiondoka nayo inaongeza. Langu linatumia kamera. Toyota nyingi za miaka ya karibuni zina rada, mara nyingi nyuma ya ile nembo ya mbele, kwa hiyo ukifunga ngao ya chuma au ukaliacha tope likauke pale, usishangae mfumo ukigoma.

Nilijifunzia kipande cha kutoka Chalinze kwenda Bwawani, Jumapili asubuhi, barabara nyeupe. Kimara hadi Kibaha pana njia nane na panavutia, ila watu wanavuka na magari yanakatiza, siyo pa kujifunzia. Na sikuanza kwa kuseti, nilianza kwa kuzima. Nikiseti, nagusa breki. Nikiseti tena, nazima kwa kidole gumba bila kutazama chini. Nilirudia hivyo hadi mwanangu akauliza gari lina nini. Woga wangu uliishia hapo. Mpaka leo mguu wangu haujikunji chini ya kiti. Unakaa mbele ya breki, umelegea. Goti linapona kwa sababu halisukumi tena mafuta kwa saa saba mfululizo, na kama kuna ng'ombe breki iko palepale.

Kosa langu kubwa nilifanya Vigwaza, narudi Dar. Nilikuwa nyuma ya semi iliyobeba shaba, inajikokota kwenye 40, na mimi nimeiachia kruzi iifuate huku nakula karanga. Kwenye kruzi niliseti 100, nikaisahau hiyo namba. Semi ikakata kuingia mzani. Gari langu likaona mbele peupe, likakumbuka 100 yake, likachomoka. Mbele kulikuwa na rasta, vile vituta vidogo vya kupunguza mwendo, na mzee anakokota baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Nilikanyaga breki, karanga zikaenda zote chini. Mzee hata hakugeuka.

Tangu siku hiyo namba ninayoseti ni ule mwendo ambao ningekwenda kama lori la mbele lingetoweka sasa hivi. Nikiwa nyuma ya lori karibu na vijiji, namba hiyo ni 50 au nazima kabisa. Kitufe cha RES, kile cha kurudia mwendo ulioseti mwanzo, nacho kina mtego wa namna hiyo. Umetoka kijijini, unaminya RES, gari linapanda kwenda 100 wakati kibao cha kumaliza 50 bado kiko mita mia mbele, na trafiki na tochi yake kaketi hapo hapo chini ya mwembe. Mimi nasubiri kibao kipite kwanza.

Jambo jingine ambalo muuza magari hatakwambia ni habari ya gari lililosimama. Vitabu vya magari haya vyenyewe vinaonya kwamba mfumo unaweza usilione. Sasa fikiria barabara yetu: lori limekatika ekseli, dereva kapanga matawi ya miti barabarani kuanzia mita hamsini nyuma. Wewe na mimi tukiona tawi la kwanza tunajua. Kamera haijui tawi ni nini. Yangu imewahi kupunguza mwendo vizuri kabisa nyuma ya lori bovu, na imewahi kuendelea kana kwamba hakuna kitu hadi nikashika breki mwenyewe. Nikiona majani, nazima. Vivyo hivyo haisomi indiketa ya dereva wa lori anayekuashiria upite au utulie, kwa hiyo kuovateki ni kwa mguu wangu, siku zote.

Ile ya kulishikilia gari ndani ya mistari nimeizima, nikabakiza mlio tu. Barabara ya njia mbili unakwepa shimo, unampisha bodaboda, mara basi linakujia upande wako na lazima uteremke pembeni; sihitaji usukani unaonivuta kunirudisha katikati wakati huo. Mvuto wenyewe ni mdogo na unaushinda kwa mkono, ila unakera. Breki ya dharura, kinyume chake, sijawahi kuizima na sikushauri uizime.

Kwa abiria, mama yangu ndiye kipimo. Kruzi inayofuata gari hupenda kuchelewa kushika breki kisha inashika kwa nguvu, naye anaanza kutafuta limau kwenye mkoba. Dawa ni kuseti nafasi ndefu kuliko zote, na nikiona mkia wa malori mbele nazima mapema niliache gari lipungue lenyewe. Ndiyo, nafasi ndefu inawapa wenye mabasi mwanya wa kujipenyeza mbele yako. Waache.

Kioo cha mbele usikifanyie mzaha. Fundi mmoja alinibadilishia kioo kilichopasuka kwa jiwe, akanirudishia gari linang'aa na taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi. Kamera zinaangalia kupitia kile kioo, na kikibadilishwa lazima zipimwe upya. Sikulijua hilo, naye ama hakulijua ama alinyamaza. Ulizia kabla hujalipa. Tinti ya juu na stika usizibandike mbele ya kamera. Ukiondoka Dar mchana, jioni jua linakuwa machoni pako, na kamera nazo hupofuka kama wewe. Mfumo unajizima, unakupa mlio, unakuachia kazi. Mvua kubwa ni hivyo hivyo, na hata ile kruzi ya kawaida isiyojizima, izime mwenyewe, kwani tairi likielea juu ya maji hutaki kitu kinachoendelea kusukuma mafuta.

Mikumi situmii. Barabara inakatiza hifadhi kama kilomita 50, na swala haangalii kulia na kushoto.

Ukijumlisha, kruzi naitumia labda theluthi moja ya safari, na theluthi hiyo imenitosha. Ruaha Mbuyuni nashuka, namnunulia mama vitunguu, nafuta wadudu kwenye kioo, na kuanzia hapo nazima kila kitu. Mlima Kitonga napanda kwa mguu wangu. Kurudi nateremka kwa gia ndogo, dirisha wazi nikisikiliza breki za malori, na kama zinanuka nalipisha lori litangulie mbali.