Nimetolewa mshipa mguuni, nirudi lini kubeba magunia?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nabeba mizigo hapa Mwaloni Kirumba, tunashusha dagaa kwenye boti. Juma lililopita nimefanyiwa upasuaji mguu wa kushoto, wametoa ule mshipa uliokuwa umevimba na kujikunja, nikaambiwa nipumzike wiki mbili tatu. Sasa mwenyekiti wa kikundi anapiga simu kila siku na nyumbani hela imekata. Maumivu yamepungua, natembea vizuri tu. Nikianza na mizigo midogo kesho kuna ubaya? Na hizi soksi za kubana zinaniwasha na hili joto, nivue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kesho hapana, hata huo mdogo. Nje unaona vishono viwili vitatu ukadhani umepona, lakini ndani mshipa umevutwa njia ndefu, mara nyingi kuanzia kinena mpaka karibu na goti, na njia yote hiyo bado mbichi. Ukinyanyua gunia unabana pumzi, tumbo linakaza, damu ya miguuni inashindwa kupanda inajaa chini, hapo unaweza kuvuja damu ndani au kidonda kikaachia. Na usijilinganishe na jamaa aliyetibiwa kwa leza, yaani mshipa kuchomwa kwa ndani kwa mwanga, akarudi kazini baada ya siku chache, yeye hakuvutwa mshipa.

Ila kupumzika sio kulala kutwa jamani! Tembea, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, maana misuli ya kigimbi, yaani shavu la mguu, ndo inayosukuma damu ipande, na hiyo inasaidia damu isigande. Usisimame muda mrefu sehemu moja. Ukikaa inua miguu. Ziwani usiingie kabisa mpaka vidonda vifunge, najua pale mnaifuata boti majini, na hayo maji yana kichocho pia.

Soksi usivue kabla ya muda uliopangiwa. Vaa asubuhi ngozi ikiwa kavu, zifue, na vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi hapo vua urudi kliniki.

Siku ya kliniki omba barua ya kazi nyepesi, mpe mwenyekiti. Kuhesabu magunia, kuandika, kushona midomo ya magunia, kazi hizo zipo, na kwa kweli kikundi kinachokula jasho lako miaka yote kinatakiwa kikubebe wiki hizi, mwambie hivyo bila aibu. Ukiruhusiwa mizigo anza na nusu ya ulichozoea, mguu ukivuta au kuvimba jioni punguza.

Kigimbi kikivimba upande mmoja, kikawa cha moto na kinauma, usingoje kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukiishiwa pumzi ghafla au kifua kikabana, tafuta usafiri saa hiyohiyo uende Bugando au hospitali yoyote iliyo karibu, hata kama ni usiku wa manane.