Florida hadi California kwa gari-nyumba: hesabu mwinuko kabla ya kilomita

Mkuu, umesema mnaondoka Florida katikati ya Oktoba kwa gari-nyumba la kukodi, mpite Texas na New Mexico, mpande Colorado, kisha mshuke Arizona hadi California, na unauliza mjiandaeje na hali ya hewa. Njia hizo mimi na mke wangu tumezipita na tunazipenda mno. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: soma mwinuko wa kila mahali mtakapolala.

Hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6.5 kila mnapopanda mita 1,000. Phoenix iko mita 300 na ushee juu ya usawa wa bahari, Flagstaff imepita 2,100, na kati yake ni mwendo wa saa mbili na kitu tu kwa barabara ya I-17. Mchana kiyoyozi kinanguruma, usiku mnavutana blanketi. Ndiyo maana kila asubuhi natafuta utabiri wa kambi yenyewe. Ule wa mji mkubwa wa jirani unaweza kuwa wa dunia nyingine kabisa.

Usiku wa baridi ndio unaotaka maandalizi. Joto likielekea sifuri, chomoa mpira wa maji unaounganisha gari na bomba la kambi, umwage maji yaliyobaki ndani yake, mtumie maji ya tangi kwa pampu. Fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto la ndani lifike kwenye mabomba. Valvu za matangi ya maji machafu zibaki zimefungwa, maana maji yanayochuruzika kidogo kidogo huganda kwenye bomba la kutolea. Uliza pia kama betri za ndani ni za lithiamu, kwa kuwa nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri. Na nakusihi, msiwashe jiko la gesi ili kupasha chumba joto. Jiko hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, na watoto wamelala humo. Jaribu king'ora cha hewa hiyo siku ya kwanza, kabla hujatoka kwenye yadi ya kampuni.

Pwani ya Ghuba ya Meksiko shida ni unyevu. Mkijifungia na kupika ndani, vioo vinatoka jasho na godoro linalowa kwa chini. Fungua tundu la paa kidogo, hata mvua ikinyesha, na washa feni wakati wa kupika.

Upepo wa tairi nao hubadilika, kama psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, ufuate kibandiko cha gari. Zikiwa za moto usizipunguze.

Milimani, injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza nguvu kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kupanda mtapanda tu, taratibu. Kushuka ndiko kunataka akili: handaki la Eisenhower kwenye barabara ya I-70, Colorado, liko karibu mita 3,400, na ukitoka upande wa magharibi mteremko ni mkali. Weka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, injini ilishike gari, breki ukanyage kwa vipindi. Usizikalie, zitachemka.

New Mexico na Arizona kuna dhoruba za vumbi. Likikufunika, toka kabisa barabarani, zima taa zote, weka breki ya mkono, toa mguu kwenye breki. Taa zikibaki zinawaka, wa nyuma atadhani bado unakwenda na atakufuata.

Kama hamjalipia kambi, mimi ningebadilisha mpangilio wenyewe. Kwa ratiba yenu mtafika Colorado Novemba inakaribia, na kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31 sheria ya huko inataka magari kwenye I-70, kati ya Dotsero na Morrison, yawe na tairi zinazofaa theluji au yabebe minyororo ya kufunga kwenye tairi. Kampuni nyingi za kukodisha haziruhusu minyororo kwenye magari yao. Soma mkataba, ukiona imekatazwa, iacheni Colorado, mbaki kusini kwa I-10 na muda huo mwingi mmalizie jangwani Arizona, ambako Novemba ni tamu kweli.