Kinyago kuonekana kimebandikwa usoni

Ndugu, umeuliza kwa nini kinyago kwenye mchoro wako wa mkaa kinaonekana kama karatasi iliyobandikwa usoni. Umbo lake ni zuri. Kinachokosekana ni unene na kivuli.

Chagua mwanga mmoja, tuseme kutoka juu kushoto. Pale ukingo wa kinyago unapogusa shavu la kulia, weka mstari mweusi mwembamba, kisha ulainishe kuelekea kwenye ngozi kwa milimita 3 hadi 5. Upande wa kinyago uache mkali. Ukilainisha pande zote mbili, kinyago kinayeyukia usoni.

Matundu ya macho ndiyo roho ya picha. Ukingo wa chini wa kila tundu hupokea mwanga, kwa hiyo uache mweupe. Ndani jaza weusi mzito kuliko mahali pengine popote. Usichore jicho kamili humo, maana utambulisho wa aliyevaa kinyago utafichuka mara moja. Mkaa ulioshindiliwa, yaani unga wa mkaa uliogandamizwa kuwa kijiti, uje mwisho kabisa, kwani haufutiki vizuri.

Itazame pia "Noire et blanche", picha ya kamera ya msanii Man Ray, 1926: uso wa mwanamke aliyefumba macho, laini mno, unageuka kinyago kando ya kinyago chenyewe cheusi.